Sahani ya Mzee Mshamu

Baada ya daktari kumkataza nyama, Mzee Mshamu, aliyekuwa na bucha kwa miaka arobaini, alisusa kula kabisa. Siku ya tatu, binti yake Kibibi aliloweka vipande vya soya, akavikamua, akavikaanga pamoja na karoti, kabichi na pilipili hoho. Kisha akamwandalia.

Mzee alitafuna kidogo, akaacha.

"Hii si nyama, Kibibi."

Kibibi alikuwa amepanga kumdanganya kuwa ni nyama, lakini akashindwa.

"Ni soya, baba. Nisamehe. Naogopa kukuzika."

Mzee akamsukumia kigoda kwa mguu.

"Basi kaa tule wote."

Kibibi akaketi, asithubutu kuinua macho kuona kama baba anameza.