Moyo Uliolazwa Barafuni

Moyo wa yule kaka ulisimama saa nne na dakika saba asubuhi, na aliyeusimamisha ni Jovina.

Ndiyo kazi yake. Huwezi kushona valvu, yaani mlango wa damu, kwenye moyo unaorukaruka. Kwa hiyo Jovina anakaa nyuma ya mashine inayosukuma damu badala ya moyo, anafungulia dawa ya baridi, moyo unalala. Mstari kwenye skrini ukanyooka kama rula. Dokta Husain akauzungushia moyo barafu iliyosagwa, akaomba mkasi.

Sasa ishu ni moja: dawa ile ni ya dakika ishirini tu. Ukichelewa kuirudia, msuli wa moyo unaanza kufa kimyakimya, halafu ukija kuuamsha, hauamki.

Dakika ya kumi na tano Jovina akasema, "Dokta, narudia dawa."

"Bado tano, bibi harusi. Haraka ya nini? Harusi Desemba, sie tuko Agosti!"

Sista Zuena, anayempa dokta vifaa, akacheka ndani ya barakoa. "Kama ipo kweli. Imeshaahirishwa mara mbili, na bwana harusi mwenyewe hatujawahi kumuona. Mchumba hewa huyo!"

"Yupo, dada Zuena. Siku ya keki yangu ya kuzaliwa si alikuja? Akaishia ghorofa ya pili, akarudi."

"Kisa?"

"Ana haya."

"Mwanaume mzima, haya ya kupanda ngazi! Shosti, umepigwa."

Chumba kizima kikacheka. Jovina naye akacheka, ila mguu wake ulikuwa unacheza chini ya kiti, haukomi. Aliangalia saa, akaangalia joto la dawa, akarudi kwenye saa.

Yaani hata zamu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenzake wa mashine, Praygod, ila Praygod kasafiri, na mgonjwa kasubiri miezi kumi na moja. Erasmus, miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hesabu huko Mbezi Luis, valvu imeliwa na homa ya utotoni. Faili lilisema hivyo, basi. Asubuhi, kabla ya kuanza, dokta aliuliza swali lake la kila siku: kuna ndugu wa mgonjwa humu? Maana chumba kile, ndugu haingii. Kimya.

Dakika ya ishirini Jovina akarudia dawa. Mara ya pili aliomba kuirudia dakika ya kumi na saba. Ya tatu, ya kumi na sita.

"Binti, leo umekunywa kahawa ngapi?" dokta akauliza, bila kuinua macho.

Saa tano na dakika ishirini valvu mpya ikakaa. Dokta akafungua kibano, damu ya moto ikaingia.

Moyo ukatetemeka kama jeli. Haukupiga.

"Shoti."

Wakaupiga shoti. Wapi! Ukatetemeka tena, ukalegea. Hakuna aliyecheka sasa. Mguu wa Jovina ukatulia.

"Wewe, acha ubishi wako," akanong'ona. "Acha, nimesema."

"Unaongea na mashine?" Zuena akauliza.

"Shoti nyingine," dokta akasema.

Sekunde moja. Mbili. Kwenye skrini kikainuka kilima kimoja. Kikafuatia kingine. Halafu vikaja kwa mpangilio, du, du, du, kama ngoma inayojua njia ya kwao.

"Alhamdulillah," dokta akasema. "Ona msuli unavyokaza! Umeulinda, mwanangu. Umeulinda kweli." Akajinyoosha mgongo, utani ukamrudia. "Haya, bibi harusi. Na huyo bwana harusi utatuletea lini tumuone?"

Jovina alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu saa nne.

"Mmeshamuona, dokta," akasema. "Mpaka ndani ya moyo."