Kofia ya Kambini

Kambini, kila mwanariadha hulala na kofia ya kufundisha ubongo. Asiyeivaa hakimbii mashindano. Kofia hiyo ilimfundisha Jeptum kugeuza kelele za watu kuwa nguvu. Uwanja ukilipuka kwa mayowe, kifua chake hufunguka na miguu huwa miepesi.

Jumapili aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa akisonga ugali pale mwanawe Kigen, anayejifunza kutembea, alipojikwaa kizingitini, akachubuka goti na kuangua kilio. Jeptum alisikia raha ikimpanda kutoka nyayoni.

Mumewe, Talam, akaja mbio kutoka zizini, mikono ikinuka maziwa. "Mama Kigen! Mtoto analia, nawe unacheka?"

"Sicheki. Ni uso tu. Kocha anasema utatulia."

Talam akambeba mtoto, akambembeleza hadi akanyamaza. Papo hapo miguu ya Jeptum ikawa mizito.

Jioni Kigen alianguka tena, baba yake akiwa amepeleka maziwa sokoni. Akamnyooshea mama yake mikono, akilia. Jeptum akainama kumbeba. Mikono yake ilimkaribia kabisa, kisha ikasimama.

"Ngoja, baba," akamwambia kwa upole. "Ngoja kidogo tu."