Mwenye Sanduku la Umeme

Usigeuze uso. Ulilipita sanduku lile likinguruma chini ya ngazi, ukaziba pua kwa harufu ya plastiki inayoungua, ukapanda zako juu. Leo huna pa kupandia. Soma.

Fundi cherehani wa chumba cha chini alikuwa amebandika kiganja ukutani. Nyuma ya ukuta ule ndipo lilipokaa sanduku la umeme la jengo zima: mita kumi na mbili, nyaya zimesokotana kama matumbo ya kuku, mlango umefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Leo joto limezidi," alisema.

"Acha kuupapasa huo ukuta, watu watasema umeposwa," mama mkwe wake alijibu kutoka kitandani. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja na ulimi. "Wenzangu wananunua makaa. Mimi joto naletewa mpaka mgongoni."

Fundi hakucheka. Kitanda kiliegemea ukuta uleule kwa sababu kwingine kulikuwa na mlango, dirisha na cherehani. Mume wa huyu, mwana wa yule, alikwishatangulia mbele ya haki. Wamebaki wawili: mmoja hawezi kushuka kitandani, mwingine hawezi kumbeba peke yake.

Miaka minne alizunguka. Msimamizi wa jengo alimwambia, "Sisi tunapangisha vyumba, mama, umeme si wetu." Shirika la umeme likamwambia jukumu lao linaishia kwenye nguzo, kilichoingia ndani amuulize mwenye nyumba. Manispaa wakafungua daftari, wakatafuta kwa kidole, wakasema sanduku halimo, kwa hiyo kwao halipo.

Akapanda ngazi kuomba saini za majirani. Wa ghorofa ya tatu alimpokea mlangoni akiwa na fulana.

"Shemeji, wakikata umeme nyama yangu kwenye friji utaila wewe? Mbona linawaka tu vizuri?"

Huyohuyo ndiye aliyekuwa akishuka kila fyuzi ikikatika, anaunga kwa kipande cha waya wa shaba, anarudi kwenye mpira wake. Kila ghorofa ilikuwa na mtu wake wa kuunga. Walimwita mtaalamu.

Baada ya kupapasa ukuta asubuhi ile, fundi alirudi shirika la umeme, safari ya kumi na moja. Karani wa dirishani, msichana mpole, akamwonea huruma.

"Dada, nikwambie ukweli. Mafundi wetu wanaweza kuja wakakata. Lakini fomu ya kuomba kukatiwa hujazwa na mwenye kifaa."

"Na asipojulikana?"

"Basi hakuna fomu."

Fundi aliitazama kalamu iliyofungwa mezani kwa uzi. "Niandike mimi."

"Kwani sanduku ni lako?"

"Kuna mwingine aliyekuja kulidai?"

Karani akacheka chinichini, akaangalia huku na huku, akamsogezea fomu. Fundi akaandika jina lake, akaweka saini. Muhuri ukagongwa.

"Siku saba za kazi, dada."

Alipofika nyumbani alimwambia mama mkwe kwamba sasa wana sanduku lao wenyewe.

"Hongera," bibi alisema. "Nilijua tu mwanangu hakuoa maskini."

Walicheka mpaka wakatokwa machozi. Siku nyingi walikuwa hawajacheka hivyo.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, fundi alitoka kununua uzi. Aliporudi, moshi mzito ulikuwa ukimiminika kutoka chini ya ngazi. Alisimama mlangoni akaomba mtu wa pili. Mmoja tu, wa kushika miguu. Watu walishuka mbio wakampita, mtu na televisheni yake, mtu na godoro lake. Mtaalamu wa ghorofa ya tatu alipita amekumbatia redio.

Akaingia mwenyewe. Akamshika mama mkwe makwapani, akamvuta. Hatua mbili, akaanguka naye.

"Niache, mwanangu. Nenda."

"Siendi."

"Mkaidi wewe," bibi alisema, akakohoa.

Zimamoto waliwatoa wote wawili. Aliyekuwa anapumua ni mmoja.

Siku tatu baada ya mazishi, fundi akiwa kwa dada yake, mlango ulibishwa. Msimamizi wa jengo, afisa wa shirika la umeme na mtu wa manispaa walikuwa wamesimama pamoja, bega kwa bega. Miaka minne hakuwahi kuwapata hata wawili mahali pamoja. Nyuma yao alisimama askari polisi.

Msimamizi alitoa pole. Afisa naye alitoa pole. Mtu wa manispaa alitazama viatu vyake. Askari akasema uchunguzi umekamilika: mwenye sanduku amepatikana, na atashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

Fundi alishika fremu ya mlango. Machozi ambayo hayakutoka makaburini yakamtoka pale.

"Mungu awalipe," alisema. "Nilidhani hatapatikana maishani."

Askari akakunjua fomu yenye muhuri, akamwonyesha saini, akamwambia anyooshe mikono.

Kesi inatajwa kesho saa tatu. Inuka hapo ulipokaa, ukamwambie hakimu sanduku lile ni la nani.