Kigae Kutoka Ng'ambo

Jovina alikata selotepu ya boksi, akakuta kigae cha sakafu kimeviringishiwa sponji.

Mama yake aliuza cherehani ili amnunulie laptopu mtandaoni, kutoka Uchina. Mzigo ulipofika nyumbani kwake Kipawa hakuufungua, kwani kitu kipya hufunguliwa na mwenyewe. Aliufunika kitambaa alichofuma, akamsubiri bintiye arudi kutoka chuo. Muda wa kudai kurudishiwa pesa ukapita. Tangu enzi za upatu wa matapeli, anayelizwaga ni yule yule anayeamini watu.

"Majirani, njooni muone!" Mama alipiga vigelegele uani. "Mwanangu, imewaka?"

Jovina alipapasa kigae. Kilikuwa laini, cha baridi.

"Imewaka, mama," akajibu, akawahi kufunga mlango kabla hawajaingia.