Mfunga Mvua wa Makomeno

Kabla hawajashuka kwenye teksi, Godefroid alivuta kofia hadi kwenye nyusi na kumwonya mkewe kwamba huko ndani hatafungua mdomo. Lubumbashi nzima iliijua sauti yake. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akitangaza hali ya hewa redioni kila Ijumaa saa sita mchana, na hakuchoka kuwacheka hewani wajinga wanaopeleka kuku kwa wafunga mvua. Leo kuku alikuwa kwapani mwa mkewe, Julienne.

"Baba Benita, kama uko na haya, bakia mu taxi," Julienne alisema.

Akashuka.

Kesho, Jumamosi, binti yao Benita alikuwa anaolewa, na karamu ilikuwa uani kwao Bel-Air, viti mia mbili, juu mbingu tu. Kuahirisha hakukuwezekana. Jumatano Kwaresima inaanza, padri hafungishi ndoa mpaka Pasaka, na hadi Pasaka tumbo la Benita lingekuwa limeshajitangaza lenyewe.

Na kutoka upande wa Angola ulikuwa unasogea mgandamizo mdogo wa hewa. Godefroid aliukodolea macho juma zima. Ukipinda kidogo, mvua ni ya Kolwezi. Usipopinda, ni ya Lubumbashi, kesho alasiri. Hesabu zake zilimpa asilimia sitini ya mvua, naye alizidharau hesabu zake. Nani amewahi kuona asilimia sitini ya viti ikilowa?

Tena kulikuwa na wakwe. Walitoka Pweto kwa lori, wakalala Kasomeno, na dereva wao alikuwa ameapa kwamba redio ikitaja mvua haondoki, kwa maana ile barabara ikilowa ni kaburi. Kwa hiyo leo saa sita Godefroid alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Alisogelea maikrofoni akasema kesho ni jua, jua tupu. Saa saba wakwe walipiga simu: wako njiani.

Hakuona aibu sana. Kwa siri alikuwa ameshika ukumbi wa parokia, angewahamishia wageni wote huko na uongo wake usimloweshe mtu. Mwenye funguo alitaka jibu kabla ya saa kumi, maana familia nyingine ilikuwa inausubiri. Lakini Julienne hakutaka kusikia habari za ukumbi ule wa matanga. Alitaka ua wake, na alimtaka Mulenga, mfunga mvua wa Makomeno.

Huyo Mulenga alikuwa mzee mfupi, koti la suti juu ya kaptula. Mbele yake palikuwa na kibuyu, kamba nyekundu na kiredio kilichofungwa kwa mpira. Uchafu ule ulimuudhi Godefroid. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mtu huyu hajawahi kukosea. Jumamosi kadhaa alikataa kazi katakata, eti wazee wamemkataza, na Jumamosi hizo ilinyesha kweli. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ilikuwa na miaka kumi na moja na bado haijafika mwisho.

"Papa, juzi nilikuya, ukanirudisha," Julienne alisema.

"Mama, mi nasemaka tu Ijumaa muchana. Njo sheria yangu." Mulenga akapiga fundo moja kwenye kamba, wala hakutazama juu. "Kesho mvula haitanyesha. Muende mupange viti."

Godefroid alimgusa mkewe kwa kiwiko, aulize tena.

"Kweli, papa?"

"Hata tone moja."

Hata tone moja. Kwa miaka kumi na minane hakuna mashine iliyomjibu Godefroid namna hiyo. Alishikwa na hasira, kisha wivu, kisha, na alijichukia kwa hilo, alisikia raha moyoni. Walipotoka nje akampigia simu mwenye funguo za ukumbi: wape wale wengine.

Jumamosi saa tisa mvua ilianguka bila hata upepo wa kupiga hodi. Keki iliyeyuka. Wakwe wa Pweto walisimama juu ya viti, viatu mikononi. Benita alilia mbele ya watu mia mbili, na gauni lililolowa likamgandia tumboni, kila mtu akaona.

Jumapili baada ya misa walirudi Makomeno. Godefroid alivaa kofia ileile, akasimama nyuma. Kiredio kilikuwa kimetupwa kwenye jalala la uani, kimejaa maji. Julienne alifoka mpaka sauti ikamkauka, na Mulenga akamsikiliza ameinamisha kichwa.

"Mama, unisamehe," alisema mwishowe. "Myaka kumi na moja mi nafungaka mvula, na ule bwana wa ku radio hajanidanganyaka hata siku moja."