Uzi Kwenye Pete

Kitu cha kwanza Kinasih alichokiona ni uzi. Mama yake alikuwa ameuzungushia pete ya ndoa upande wa ndani, isije ikachomoka kidoleni.

Walikaa bega kwa bega kwenye chumba cha dawa za saratani, wote wawili wamejifunga ushungi, macho yao mlangoni. Mama alifungua kifurushi cha jani la mgomba. Tempe ya kukaanga, kitoweo cha soya, na yai akavisukuma kwa binti yake. Yeye akabaki na wali mweupe usio na hata chumvi, akaushushia kwa maji.

"Mama, kula japo yai."

"Yai si langu. Na mambo ya sahani yangu hayamhusu nesi, umenisikia?"

Kinasih akainamisha kichwa. Mwezi uliopita mgonjwa mmoja alikutwa amekonda mno, akarudishwa kwao Klaten bila dawa.

Nesi Endang aliingia mbio mbio, kalamu sikioni.

"Mizani inasema uzito haujashuka. Safi! Haya, hamu ya kula?"

"Tele," mama akadakia.

"Kutapika?"

"Hakuna."

"Nguo hazijapwaya?"

"Zinabana, dada!"

Nesi akacheka. Kinasih hakucheka. Mitulinga ya mama yake ilikuwa imechomoza kama mipini ya majembe. Wiki iliyopita alianguka jikoni, akasingizia sakafu kuwa na maji. Mizani haikuwa imesema yote.

"Bi Painem, kila swali unalidaka wewe. Huyu binti amemeza ulimi?"

"Huyo? Mdomo wake una kufuli tangu utotoni."

"Basi tuanze."

Nesi aligeuka kutundika mfuko wa dawa. Mama akainuka, magoti yakakataa, akashika ukuta. Akamkazia Kinasih macho: kimya!

Kinasih akaitazama ile pete yenye uzi.

Nesi akavuta kiti, akakunja mkono wa gauni la Kinasih, akaanza kuutafuta mshipa.

"Dada nesi," Kinasih alisema, "kabla hujanichoma, mpime na mama. Tangu nianze dawa hizi ameweka nadhiri: wali mtupu na maji, mpaka nipone."