Punda Mstaafu na Mzigo Wake

Hapo kale, si kale sana, Punda aliyebeba viazi mlimani miaka ishirini alistaafu, akahamia mji wa pwani wenye jua tele. Siku ya nane akaanza safari ya kurudi.

"Kulikoni, mzee?" aliuliza Paka, mvivu kupindukia, aliyekuwa akihama baraza hadi baraza kukimbia saruji ya moto.

"Usingizi hauji. Nilizoea mzigo mgongoni."

"Ndiyo ukabebe magunia mpaka ufe? Hebu simama hapo kivulini."

Paka akamrukia mgongoni, akajikunja, akakoroma. Punda akatulia tuli, asije akamwamsha. Kope zikawa nzito.

Alipozinduka, adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita.

"Bwana Paka," akauliza kwa aibu, "kesho nikubebe saa ngapi?"